Sahihi Moja kwa Mizigo Yote

Makwasinyi
Jumanne, 11 Novemba 2025

Kwa dereva wa mizigo,

Wewe hunijui, nami sikujui ila kwa gari lako jeupe na vumbi unalotuachia. Mimi ndiye mwenye duka la kijani hapa Makwasinyi, lile unalolikuta limefungwa kila ukipita. Silifungi kwa kiburi. Mchana niko shamba nafukuza nyani kwenye pojo, maana nyani wa mlima huu wanafuata saa za ofisi. Nafungua alfajiri mpaka saa tatu, kisha jioni kuanzia saa kumi na moja.

Barua hii nimemwachia Margaret wa Jora akupe mkononi. Yeye ndiye aliyekugongea kioo Ijumaa. Kanieleza kuwa gurudumu moja lilikuwa mtaroni, injini inanguruma, na wewe umelala juu ya usukani. Alidhani umekufa. Alipokuamsha ukamwomba radhi, ukampa mzigo wake, ukaondoka. Habari hiyo ninayo siku nne sasa na haitaki kunitoka akilini.

Basi nimekata shauri. Barazani kwangu pana sanduku kubwa la bati ambalo marehemu mume wangu Ridha alilitengenezesha Voi la kuwekea mikate. Lina kufuli ya kuaminika, na ufunguo mmoja umo ndani ya bahasha hii. Mizigo ya Makwasinyi, Jora na Bungule itie humo yote pamoja na karatasi yake, mimi nitawagawia wenyewe jioni wakija dukani. Utajiokolea saa tatu za kuzunguka mlima. Ukifungua utakuta chupa ya chai na maandazi manne. Ule kwanza, ndipo uwashe gari.

Ni mimi,
Mwanamina binti Mbaruk (Mama Faiza)


Makwasinyi, barazani kwako
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Shikamoo Mama Faiza,

Naitwa Mulinge. Nimeketi hapa kwako na chai iko mkononi. Ile siku ya Jora niliona aibu sana. Sikuwa mgonjwa wala mlevi, ni kazi tu. Ikifika Novemba watu wa Nairobi na Mombasa wanakumbuka wazazi wao wote kwa siku moja. Ni blanketi, ni sufuria, ni taa za sola, ni viatu vya Krismasi, ni yunifomu za Januari. Mwezi wa tisa nilikuwa nabeba mizigo arobaini kwa siku. Sasa ni mia na kitu, na gari ni lile lile na mimi ni yule yule. Jumatatu niko Ronge, Jumanne huku Kasigau, Jumatano Voi mjini, Ijumaa huku tena, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Mshahara hatuna. Tunalipwa kwa kila mzigo uliofika.

Nikuambie kwa nini siwezi kupunguza mwendo. Madereva wa ofisi ya Voi tuko kumi na wanne na sote ni vibarua. Januari mizigo ikiisha tunaambiwa tungoje simu, na hiyo simu huja mwezi wa tano kama itakuja. Mwaka huu kampuni imesema wale watano watakaokuwa wamefikisha mizigo mingi zaidi kufikia tarehe ishirini Desemba watapewa mkataba wa kudumu, mshahara wa kila mwezi na bima ya hospitali. Mke wangu Mumbe anatarajia kujifungua Februari, na daktari amesema huenda akapasuliwa. Kwa hivyo huo mkataba lazima niupate. Leo niko nambari nne.

Mpango wako nimeukubali kwa mikono miwili. Bosi wetu Hillary amesema hakuna shida mradi karatasi irudi na sahihi, maana huku kwenu mtandao haushiki na ile ya mpokeaji kubonyeza simu kuthibitisha haifanyi kazi. Kila nikija nitaacha karatasi mpya na kuchukua ya nyuma. Nakala ya njano ibaki kwako.

Maandazi sikuacha hata moja.

Wako,
Mulinge


Makwasinyi
Jumanne, 25 Novemba 2025

Mwanangu Mulinge,

Kuanzia leo wewe ni mwanangu na huna pa kukatia rufaa.

Sanduku limeleta heri ambayo sikuitarajia. Watu wa Jora walikuwa wakinipita hapa kama hawanioni. Sasa wakija kuchukua mzigo wanachukua na sukari, na anayechukua sukari hukumbuka sabuni. Bungule wamewekeana zamu: mtu mmoja mwenye pikipiki anawabebea jirani zake wote. Margaret anasema hajaona gari lako likipita Jora wiki mbili na hajawahi kufurahi hivyo kwa kutomwona mtu.

Na kazi yako naifanya kwa adabu, usiwe na wasiwasi. Nikifungua sanduku nahesabu kila kitu mara mbili. Kisha nagonga muhuri wa duka chini ya karatasi, naandika "Nimepokea vyote salama", natia sahihi yangu moja iliyonyooka, kama nifanyavyo na bidhaa za jumla zikija kutoka Voi. Marehemu Ridha alikuwa akisema karatasi ya mzigo haichorwichorwi. Angeziona hizi angefurahi.

Sasa sikiliza. Nimemwandikia Jannat, yule mwenye duka Rukanga, naye aweke sanduku. Nimemweleza utaratibu wote mpaka mahali pa kugonga muhuri. Amekubali kuanza wiki ijayo. Utakuwa unashusha Rukanga, unashusha kwangu, na saa tisa uko Voi kwa mkeo.

Ule maandazi yote. Leo ni sita.

Mamako,
Mwanamina


Makwasinyi
Ijumaa, 28 Novemba 2025

Shikamoo mama,

Asante kwa yote. Nimekula.

Hiyo ya Rukanga nakuomba tuiache kwanza. Tayari nimepita kwa Jannat nikamwambia angoje. Na hata hapa kwako, wale wazee wa Jora ambao kutembea kunawasumbua, hakuna haja waje. Naweza kuwapelekea mimi mwenyewe, nafasi ninayo. Wa Bungule pia. Usione vibaya. Ni vile tu sitaki kukupa kazi ambayo si yako.

Mimi niko sawa. Mumbe yuko sawa.

Mulinge


Makwasinyi
Jumanne, 2 Desemba 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara imeniuma mahali pengine. Hukuandika hivyo mwanzo. Nimejua sababu. Umeambiwa habari ya viatu.

Ni kweli. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na mizigo miwili, mmoja wa Loise wa Jora na mmoja wa Loise wa Bungule. Miwani yangu nilikuwa nimeisahau shamba. Nikampa yule wa Bungule mzigo wa mwenzake wa Jora, akakuta viatu vyekundu vya kisigino, akavivaa kanisani Jumapili bila kujiuliza ni nani aliyemkumbuka hivyo. Loise wa Jora alikuwa benchi la nyuma na akaviona. Hawajasemezana tangu siku hiyo, na mimi wananisema wote wawili.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka kuyamaliza kimya kimya. Nimeagiza jozi nyingine kwa pesa zangu na nimekiri kosa kwa wote wawili. Lakini kama umeona siaminiki, niambie waziwazi, usinizungushe kwa habari za wazee wasioweza kutembea. Wazee wa Jora wanapanda mlima huu kila siku kufuata kuni.

Kama ni kweli hunitaki tena, acha ufunguo ndani ya sanduku.

Mwanamina


Mtaa wa Sofia, Voi
Alhamisi, 4 Desemba 2025

Kwa Mama Faiza,

Hunijui. Mimi ni Mumbe, mke wa Mulinge. Nimeiweka barua hii ndani ya mzigo wenye jina lako, nikaupeleka ofisini kama mteja yeyote, ndio maana ameibeba mwenyewe bila kujua. Ile khanga ni yako, ni zawadi.

Hajasikia kitu chochote kuhusu viatu. Barua yako niliikuta mfukoni nikifua shati, na jana yake nilimwona ameketi kitandani akiitazama asijue ajibu nini. Yeye hawezi kukuambia, kwa hivyo nakuambia mimi.

Tangu lile sanduku lianze, kipato chake kimeanguka karibu nusu, maana mizigo ya huko mlimani ndiyo inayomlipa zaidi. Wiki ya kwanza ya Novemba alileta elfu tisa. Wiki iliyopita alileta elfu nne na mia mbili. Alipouliza, Hillary alimwambia ofisi inaona mizigo ya sanduku lako kama mzigo mmoja, eti sehemu moja ni mzigo mmoja. Kutoka nambari nne ameshuka mpaka kumi na mbili. Ili arudi juu ameomba kazi ya Jumapili pia, kwa hivyo hana siku hata moja ya kulala. Jana alisinzia akila, kijiko kikaanguka.

Nilimwambia akuandikie ukweli. Akaniambia, "Yule mama ndiye mtu wa kwanza kwenye kazi hii kuniuliza kama nimekula. Siwezi kumwambia wema wake ndio unanikata."

Sikulaumu mama. Hukujua. Lakini mimi ninaogopa, na nimechoka kuogopa peke yangu. Nimekuwekea karatasi yake ya malipo ujionee.

Mumbe


Makwasinyi
Jumanne, 9 Desemba 2025

Mwanangu Mulinge,

Kwanza, usimgombeze Mumbe. Alichofanya ndicho ulichopaswa kufanya wewe wiki mbili zilizopita.

Pili, kabla hujafunga sanduku, inua gunia lililo chini. Utakuta karatasi zangu zote za njano, saba. Zichukue kama mayai.

Sasa nikueleze. Ijumaa nilisoma barua ya mkeo, nikaketi chini hapo hapo dukani mbele ya wateja. Nililia, sikufichi. Kisha nikatazama karatasi ya malipo. Pameandikwa Makwasinyi, mpokeaji mmoja, M. Mbaruk. Na safari iliyofuata hivyo hivyo. Safari zote mpokeaji ni mmoja, na ni mimi. Faiza wangu amerudi likizo kutoka chuoni. Nikampa ile karatasi ya njano anisomee Kiingereza kidogo kidogo kilicho nyuma yake, kile ambacho hakuna mtu hukisoma. Sharti la nne linasema mzigo unahesabiwa kuwa umefika kwa kila sahihi ya mpokeaji. Halisemi lolote kuhusu sehemu. Na sharti la sita linasema sahihi zinaweza kuletwa mpaka siku ya kufunga hesabu.

Basi sanduku halina kosa. Mwenye kosa ni mkono wangu. Kila mzigo ulikuwa na mstari wake wa kutia sahihi, nami niliacha mistari yote mitupu ili karatasi ipendeze, nikatia yangu moja chini. Ofisini wakaona mtu mmoja kapokea.

Mizigo ilikuwa mia moja themanini na saba. Mimi, Faiza na Margaret tumewatafuta wenyewe mmoja mmoja, kila mtu atie sahihi kwenye mstari wake. Makwasinyi ilikuwa rahisi, Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi tulimaliza. Jora tulikwenda nyumba kwa nyumba. Bungule kulikuwa na mazishi Jumamosi, na watu wote walikuwa hapo. Sikujua nifanye nini. Nikaenda kwa mwenye msiba, nikampa mkono wa pole, nikamweleza ukweli. Akasema marehemu mwenyewe alikuwa amepokea blanketi lake kwenye sanduku hilo na alilipenda. Akatia sahihi kwa niaba yake na kuandika uhusiano, kisha akatangaza baada ya chakula kwamba asiondoke mtu. Watu walipanga foleni na sahani zao mkononi. Mzee Mwang'ombe hajui kuandika, akachovya kidole kwenye wino wa muhuri wa duka, akakibandika na kuitazama alama yake kwa muda mrefu kabla ya kuturudishia karatasi.

Aliyebaki wa mwisho ni Loise wa Jora. Alisema hatii sahihi ya kitu ambacho kimevaliwa na mwingine. Jana viatu vipya vilifika kwa matatu. Alivijaribu, akatembea dukani huku na huku mara nne, ndipo akaomba kalamu.

Zote zimetimia. Zipeleke kwa huyo Hillary wako, na ukiona anasitasita mfungulie sharti la nne. Nisamehe mwanangu. Nilidhani nakupunguzia mzigo.

Mamako,
Mwanamina


Makwasinyi
Ijumaa, 12 Desemba 2025

Shikamoo mama,

Sijui nianzie wapi. Jumanne niliinua gunia hapo barazani nikaanza kusoma majina, na nilishindwa kuwasha gari kwa muda. Wewe ndiye unaniomba msamaha? Mimi ndiye niliyenyamaza nikakuacha uumie. Naomba radhi, na Mumbe amesema niiandike mara mbili. Naomba radhi.

Hillary alizihesabu karatasi, akazihesabu tena. Nikamfungulia sharti la nne. Alikuwa hajawahi kulisoma. Ile habari ya sehemu moja mzigo mmoja aliisikia kwa aliyekuwa bosi kabla yake. Akapiga simu makao makuu Mombasa, wakamwambia sharti ni sharti, zihesabiwe. Nimelipwa tofauti yote jana. Jumapili hii sifanyi kazi, nitalala mpaka Mumbe aitishe polisi. Na mama, niko nambari tatu.

Sasa nina shida ingine na sina wa kumuuliza. Nikitoka ofisini nilimkuta Ayub ameketi kwenye tairi nje. Ayub anafanya barabara ya Taveta. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, hata njia ya kuzunguka Kasigau ni yeye aliyenionyesha. Alikuwa analalamika kwamba anachoka kuliko sisi wote na bado yuko nambari nane. Nikamuuliza kule Taveta anashushia wapi. Akasema mizigo ya sokoni yote anaacha kwa muuza ndizi mmoja karibu na stendi, mtu mwaminifu sana, anatia sahihi moja na kumpa mkungu wa kupeleka nyumbani.

Nikamuaga, nikawasha gari. Nafasi ni tano. Nikimwambia, atapanda, na si yeye peke yake, maana nafikiria karibu kila dereva ana mama kama wewe mahali. Zimebaki siku nane tu. Nisipomwambia, mkataba uko mkononi na Mumbe atajifungua hospitali nzuri. Ayub naye ana watoto wanne. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Mulinge


Makwasinyi
Jumanne, 16 Desemba 2025

Mwanangu,

Nyamaza.

Nimezunguka na swali lako siku nne na hilo ndilo jibu langu. Mungu anisamehe. Mtu mwingine angeniuliza ningemwambia amweleze mwenzake, na ningesema maneno mazuri. Lakini nimekwishakuponza mara moja kwa kujifanya mwema, na mtoto wa Mumbe bado hajazaliwa. Ngoja tarehe ishirini ipite, mkataba uutie sahihi, kisha mweleze Ayub yote. Akikukasirikia, mwambie ni mimi niliyekushauri.

Mwanamina


Makwasinyi
Jumanne, 16 Desemba 2025

Shikamoo mama,

Naandika hii kabla sijafungua sanduku kwa sababu naogopa jibu lako. Nimeshamwambia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa napakia gari na mgongo ulinishika, nikainama pale nikashindwa kuinuka. Ayub aliacha gari lake akanipakilia langu lote, mizigo tisini, na kwa sababu hiyo akachelewa kutoka yeye. Akanifungia na mlango. Nikamwambia, "Ayub, ngoja. Unaibiwa, na wanaokuibia hawajui." Nikamtolea sharti la nne pale pale.

Hakukaa nayo. Jioni alikuwa ameita madereva wote kumi na wanne nyuma ya ofisi akawasomea. Wewe ungewaona. Kila mtu alikuwa na duka lake, na kinyozi wake, na mwalimu wake wa kutia sahihi moja. Mmoja alikuwa anaachia mizigo yote kwa katibu wa kanisa kwa miaka miwili. Tangu Jumapili kila mtu anakimbia na karatasi zake za njano. Hata ile Jumapili yangu ya kulala nimeitumia Taveta na Ayub, sokoni, nikishika kalamu.

Sasa sijui niko nambari ngapi. Hesabu ya haraka inasema sita. Mumbe hanisemeshi tangu jana. Amenipikia lakini hanisemeshi. Sijui kama nimefanya vizuri mama. Ninachojua ni kwamba nisingeweza tena kumwachia mtu yule anipakilie gari.

Nafungua sanduku sasa.

Mulinge


Makwasinyi
Ijumaa, 19 Desemba 2025

Mwanangu Mulinge,

Ile barua yangu ya Jumanne ichome, na majivu yake uyatupe mbali na nyumba.

Nilipoisoma yako niliona haya mpaka nikaifunika kwa mkono Faiza asiione. Kisha nikampa aisome kwa sauti, na yangu niliyokuandikia nikamweleza pia. Aliikunja barua yako taratibu, akanirudishia, na hilo lilinitosha.

Umefanya vizuri kuliko nilivyokuambia. Nimekwambia ili usiwe na shaka.

Mweleze Mumbe kwamba sitaki aogope peke yake tena. Jumatano tulikutana wanawake wa Makwasinyi na Jora, tumeanza mchango wa hospitali. Bungule wameahidi kuleta chao baada ya Krismasi. Haujafika popote pa maana bado, lakini umeanza, na daftari analo Loise wa Jora, ambaye hakuna mtu anayethubutu kumkosea tena. Ukikosa mkataba, mtoto huyo atazaliwa hospitali vilevile.

Kesho ndiyo tarehe ishirini. Nitaswali na kungoja.

Mamako,
Mwanamina


Voi
Ijumaa, 2 Januari 2026

Shikamoo mama,

Heri ya mwaka mpya. Ofisi ilifungwa wiki nzima ndio maana hukuona gari, na barua hii sikutaka kumpa mtu mwingine ailete, leo naitia sandukuni mwenyewe.

Karatasi zilipoingia zote, Hillary alikaa siku tatu akizihesabu na macho yakamvimba. Halafu akatuita. Nilikuwa nambari saba. Ayub alikuwa wa pili. Mumbe alikuwa amekuja kungoja nje kwenye benchi, na nilimwona kupitia dirisha nikatamani nisitoke.

Lakini Hillary hakuwa amemaliza kusoma. Hesabu mpya ilionyesha kwamba ofisi ya Voi inafikisha karibu mara mbili ya mizigo ambayo makao makuu walikuwa wanafikiria. Miaka yote walikuwa wanatuona kama ofisi ndogo. Mombasa wamesema ofisi yenye kazi kama hiyo haiwezi kuendeshwa na vibarua, wakaongeza mikataba kutoka mitano hadi minane. Wale sita waliobaki wamelipwa mizigo yao yote ambayo haikuwa imehesabiwa, na wao ndio watakaoitwa kwanza kazi ikifunguka. Si haki kamili, tumesema hivyo wote kumi na wanne na tumeiandika kwenye barua ya pamoja. Dinah wa kaunta ndiye aliyetupigia chapa.

Nilitoka nikamwambia Mumbe, "Wanane. Mimi ni wa saba." Alicheka, akalia, halafu akanisemesha kwa saa mbili mfululizo, yote aliyokuwa ameyaweka tangu ile Jumatatu. Bima inaanza tarehe moja Februari. Daktari ameandika tarehe kumi na tisa. Anaomba ule mchango wenu usirudishwe kwa watu. Anasema Bungule kuna wajawazito wawili ambao hawana bima, Margaret anawajua, uwaendee wao.

Kuna jambo moja la mwisho. Kwenye fomu ya mkataba pana mahali pa kuandika watu wawili wa kujulishwa dereva akipata ajali njiani. Wa kwanza nimeandika Mumbe. Wa pili nimekuandika wewe, na kwenye uhusiano nimeweka mama. Hillary aliitazama akasema, "Wewe si ulituambia mama yako alifariki zamani?" Nikamwambia aiache hivyo hivyo. Akaniambia lazima ajaze na maelezo, akauliza wewe ni mrefu ama mfupi, una umri gani, mtu akitumwa Makwasinyi atakujuaje. Nikamrudishia kalamu. Nimekula maandazi yako miezi miwili na sura yako siijui.

Nina siku ya kupumzika Jumanne, ya kwanza maishani mwangu ambayo nitalipwa nikiwa nimekaa tu. Nakuja Makwasinyi bila mzigo wowote, na Mumbe. Hiyo fomu Hillary amesema anaweza kuingoja mpaka Jumatano.

Mwanao,
Mulinge